Boga Mezani kwa Kina Puértolas

Wanaume wa Puyalba hawakataliwi kwa maneno. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo msichana wa kwetu hujifunza kuhusu mapenzi, pengine hata kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Mchumba huja na mtu mzima wa kwao, hukaribishwa mezani, hula na kunywa. Watu huzungumza habari za mvua na kondoo, na hakuna anayetaja ndoa. Mwenye nyumba akimpa kiriba chake mwenyewe cha divai anywe, kijana amepata mke. Akiletewa boga, amekosa. Hulila, hushukuru, huchukua kofia yake, na harudi kuuliza tena maisha yake yote.

Wazee wetu walikuwa wajanja. Neno likishatoka mdomoni huzaa uhasama wa nyumba na nyumba, lakini boga ni boga tu. Nani atashika shoka kwa ajili ya boga? Watu husema ukipenda boga upende na ua lake. Mimi, Orosia wa kina Puértolas, siwezi hata kulitazama hilo ua likiwa shambani.

Jumamosi ile, siku moja kabla ya Urbez kuja kula kwetu, nilishuka mtoni na kapu la nguo ambazo hazikuwa chafu. Mama aliliona kapu, akatabasamu. Theluji ya milimani ilikuwa imeanza kuyeyuka na Mto Cinca ulikuwa umepanda hadi jiwe la tatu la daraja. Kwetu jiwe la tatu likilowa, vyelezo vya magogo huondoka kushuka na mto. Ufuo mzima ulikuwa umejaa magogo ya misonobari, na wanaume wakiyafunga kwa fito zilizolowekwa na kusokotwa, kama walivyofanya babu zao waliopeleka mbao za merikebu za wafalme. Mambo hayo ya wafalme tuliyasikia kila mwaka kanisani siku ya kubariki vyelezo. Mimi yalinipita, nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu kwa macho.

Urbez Lacambra alikuwa kwenye chelezo cha mbele, amepiga goti, anakaza fundo. Aliponiona alisimama akajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa na tabia hiyo: hawezi kunisemesha mpaka afute mikono, utadhani maneno yake atanipa mkononi. Moyo wangu ulikuwa ukiyeyuka kwa jambo dogo kama hilo.

"Unafua nini leo?" akauliza.

"Nguo za baba."

"Mbona zimekunjwa?"

"Basi nimekuja kuzikunjua. Una neno?"

Akacheka, akaruka kutoka kwenye magogo na kuja kusimama upande wa pili wa jiwe la kufulia. Tuliacha jiwe kati yetu, maana wanawake wanne walikuwa wakifua pale karibu na masikio yao yalikuwa yameacha kufua na kuhamia kwetu.

"Urbez, nisikilize vizuri. Kesho baba akileta boga..."

"Ataleta. Mzee Medardo akiniona huvuta pumzi kama ng'ombe aliyeona nyoka."

"Akileta, usiliguse. Weka uma chini, zungumza habari za mvua. Boga lisiloliwa ni shauri lisilofungwa. Baada ya mavuno unaruhusiwa kurudi."

"Nani aliwahi kufanya hivyo hapa Puyalba?"

"Mjomba wake bibi yangu. Alirudi mara tatu."

"Akapewa mke?"

"Mara ya tatu mwenye nyumba alikuwa ameshakufa."

"Basi tumwombee mzee wako afya njema," akasema, na tukacheka mpaka mama mmoja pale jirani akagonga nguo yake jiweni kwa nguvu kutukumbusha adabu.

Lakini sikuwa na raha. Nilimsogelea kadiri jiwe lilivyoniruhusu. "Niapie kwamba hutaligusa. Niapie kwa Lorién."

Uso wake ukabadilika pale pale.

"Huyo mwache, Orosia. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

Nilidhani ni huzuni. Lorién alikuwa kaka yangu, na alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Miaka miwili nyuma walishuka pamoja, Urbez kwenye kasia la mbele na Lorién kwenye kasia la mkia, na kule kwenye koo la mto, mahali ambapo miamba miwili inakaribiana, chelezo kilinasa. Tuliambiwa kilikatika. Wanaume watano waliondoka, wakarudi wanne. Jumapili tatu mama alielesha mkate wenye mshumaa juu ya maji, kama tunavyofanya sisi, kwa sababu mkate ule husimama juu ya mtu aliyezama. Mkate wa mama haukusimama popote. Tulizika jeneza lenye koti lake.

Tangu siku ile nyumba ikawa yangu. Yeyote atakayenioa angehamia kwetu, angeitwa kwa jina la nyumba yetu, na angekaa kwenye kiti cha Lorién mezani, mkono wa kulia wa baba. Kwa hiyo baba alikuwa na haki ya kuchagua, na alikuwa ameshasema mara nyingi, akitazama moto: "Mtu wa mto hatatia mguu wake kwangu." Urbez alikuwa ameahidi kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, kisha atashika jembe. Baba alinung'unika tu. Mama ndiye aliyekuwa upande wangu. Msimu wote wa baridi alikaa karibu na meko akinishonea shuka kumi na mbili, na kila moja akaiwekea herufi yangu kwenye kona kwa uzi mwekundu. Hakuwahi kumsema Urbez vibaya, hata siku moja. Akipita, mama alimwita na kumpa kipande cha mkate.

"Nenda sasa," Urbez akaniambia. "Ukibaki hapa zaidi wale watachakaza nguo kwa kuzigonga."

Nilikwenda. Nilipofika darajani niligeuka, na yeye alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imelegea, akinitazama kama mtu anayejaribu kukariri. Nilimpungia mkono kwa furaha. Ujinga wa mtu anayependa hauna dawa.

*

Jumapili, baada ya misa, walikuja. Shangazi Nunila, dada wa baba yake Urbez, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufa, na ndiye aliyemleta. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Hodi humu ndani! Medardo, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie," baba akajibu. "Karibuni. Futeni miguu."

Urbez alikuwa amevaa koti jeusi lililombana mabegani na kofia mpya mkononi. Alimsalimu baba, kisha akamgeukia mama. "Shikamoo, mama Balbina."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akamwonyesha kiti cha Lorién. Nakumbuka vizuri kwamba ni mama mwenyewe aliyekivuta. Urbez alisita, akanitazama, akakaa. Mimi nilikuwa nimesimama kupakua, kama ilivyo desturi. Kila chombo kilichotoka mekoni nilikichungulia kabla hakijafika mezani. Kilitoka chungu cha dengu na mchicha: hamna boga. Zikatoka soseji: hamna. Akatoka mwanakondoo wa kuoka, na baba hachinji mwanakondoo mwezi wa tatu kwa ajili ya mtu anayemfukuza. Shangazi Nunila alinikonyeza. Nilitaka kuimba.

"Mvua imekuwa nzuri mwaka huu," baba akasema.

"Nzuri, mzee."

"Shamba la juu limeota magugu. Linataka mikono."

"Mikono ipo, mzee. Nikirudi tu."

"Ukirudi lini?"

"Kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Na sishuki tena."

Baba alitafuna kwa muda mrefu. Ni mtu wa maneno machache, na hata yale machache huyatoa kama anayeng'olewa jino. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya kiti chake, pale ukutani kinaponing'inia kiriba cha ngozi ambacho alikirithi kwa babu na ambacho mimi, mwanawe wa kuzaa, sijawahi kukigusa kwa midomo. Akakiweka mbele ya Urbez.

"Kunywa," akasema.

Shangazi Nunila alijifanya amepaliwa ili apate sababu ya kufuta machozi. Urbez alikiinua kiriba kwa mikono miwili na kunywa, na divai ikamchuruzika kidevuni. Alipokiteremsha alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Nilisimama na bakuli tupu kifuani, nikajua kwamba nimepata. Nimeolewa. Hata baba, yule mwamba, amelainika.

"Sasa niruhusuni na mimi nilete changu," mama akasema.

Akaenda kwenye tanuri akarudi na pastillo, ule mkate wetu bapa, mtamu, uliofunikwa juu na chini na kujazwa matunda katikati. Ulinukia mdalasini nyumba nzima. Alikuwa ameniambia asubuhi kwamba ni wa matufaha. Na mimi, ambaye ndiye niliyepanda darini mwezi wa kwanza kushusha tufaha la mwisho la nyumba ile, sikujiuliza matufaha hayo yametoka wapi. Furaha ilikuwa imenipofusha. Shangazi alikuwa akinisimulia sikioni jinsi atakavyocheza arusini hata sakafu iite msaada, na mimi nilikuwa nacheka huku nikimjazia maji.

Mama alikata kipande cha kwanza. Akakiweka kwenye sahani ya Urbez. Kisha akakata vya wengine.

Nilikaa, nikachukua changu, nikauma.

Ulimi ulijua kabla ya akili. Kilikuwa kitamu, laini, kimechanganywa na zabibu kavu, na kilikuwa boga. Niligeuza kipande nikaona rangi yake ubavuni. Nikainua macho. Urbez alikuwa na tonge moja mdomoni. Alikuwa hatafuni.

"Liteme!" nikapiga kelele. "Urbez, ni boga! Liteme!"

Shangazi Nunila akasukuma sahani yake ikaanguka ikavunjika. Baba akamgeukia mama polepole sana.

"Balbina. Umefanya nini?"

"Nimepika," mama akasema.

"Nimempa kiriba. Umeniona nikimpa kiriba!"

"Kiriba ni chako. Chungu ni changu."

"Nyumba gani hii yenye vichwa viwili?" shangazi Nunila akafoka. "Mkono wa kulia divai, mkono wa kushoto boga! Tena umelificha kwenye utamu kama sumu ya panya! Wewe mwanamke, huyu mtoto umekuwa ukimpa mkate kwa mikono hiyo hiyo! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Mama hakumtazama. Alikuwa amemkazia macho Urbez, na kisu bado kipo mkononi mwake. Uso wake haukuwa na hasira. Laiti ungekuwa na hasira, ningepata pa kushika.

"Alikuja hapa siku ya pili baada ya mazishi," mama akasema. "Ninyi wawili mlikuwa shambani. Padri alikuwepo. Alipiga magoti pale, penye jiwe la meko. Akaniambia chelezo hakikukatika chenyewe. Mkia ulikuwa umenasa, maji yanapanda, yeye akashika shoka akakata fito. Akaukata mkia, na mwanangu yuko juu yake."

Nilimtazama Urbez nikisubiri aseme si kweli. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti.

"Asingekata wangekufa wote watano!" shangazi akasema. "Kila mwanaume wa Puyalba anajua hivyo. Hata mumeo anajua!"

Nikamgeukia baba. Baba akainamisha kichwa.

"Najua," akasema. "Ningekata na mimi."

"Na mimi ninajua," mama akasema. "Mnadhani sijui? Akaniomba msamaha, nikamwambia nimekusamehe, mwanangu, kwa sababu padri alikuwa amesimama pale ananiangalia. Miaka miwili nimeomba niamini nilichosema. Nimempa mkate nikidhani mkono ukizoea, moyo utafuata. Nimeshona shuka kumi na mbili. Leo nimemkalisha kwenye kiti kile kusudi nijipime. Nikasema nikiweza kumtazama pale mpaka mwisho wa nyama, pastillo nitawatupia nguruwe." Akaweka kisu mezani. "Sikuweza. Nisamehe, Urbez. Sikuweza. Kila siku ya maisha yangu ningekuwa nakupakulia wewe mahali pake."

Kulikuwa bado na nafasi. Nataka ieleweke hivyo. Boga lisilomezwa si jibu. Angelitema kwenye sahani, angeinuka na kwenda zake, na baada ya mavuno angerudi. Mama pengine angekuwa amelia vya kutosha kufikia wakati ule. Baba alikuwa upande wetu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na ningengoja kumi mingine bila kunung'unika.

"Urbez," nikasema. "Uliniapia."

Alinitazama. Yalikuwa macho yale yale aliyonitazama nayo jana nikiwa darajani. Kisha akamgeukia mama, akameza.

Halafu akachukua kipande kilichobaki, akala. Hakuharakisha. Alikula mpaka makombo. Alipomaliza alifuta mikono kwenye suruali.

"Ahsante kwa chakula, mama Balbina," akasema. "Mungu aijaze meza hii."

Akachukua kofia yake.

*

Nilimfuata mbio bila shali, na shangazi Nunila nyuma yangu akiita jina langu, kisha akaacha. Nilimkamata chini ya ngazi za kanisa, pale njia inapoteremka kwenda darajani. Watu walikuwa wamekaa milangoni kuota jua baada ya chakula. Sikujali. Waliona, wakaingia ndani mmoja mmoja, na mpaka leo nawashukuru kwa hilo.

"Simama! Urbez, simama nikuone."

Akasimama.

"Hukujua," nikasema. "Sema ulidhani ni tufaha. Ulichanganyikiwa. Nitakwenda kwa padri, nitasema ulidanganywa, na boga la udanganyifu halihesabiki."

"Nilijua tangu alipokata. Nilikuwa nimekaa karibu na kisu, Orosia. Niliiona rangi."

"Na ukatia mdomoni?"

"Mama yako alinitazama wakati anakiweka. Alikuwa ananiomba. Ni kitu cha kwanza alichowahi kuniomba."

"Na mimi sikukuomba? Jana sikukuomba? Hukuapa kwa kaburi la mama yako?"

Nilimpiga kifuani kwa ngumi, si kwa nguvu. Nilimpiga tena kwa nguvu.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu shoka?"

"Kwa sababu ungenisamehe."

"Sasa hilo ni kosa?"

"Ungenisamehe siku hiyo hiyo. Nakujua. Ungeniambia, 'Ungefanya nini?', ungenifuta machozi, na ungekuwa umesamehe kwa ajili ya kunipenda, si kwa ajili ya Lorién. Mimi nilitaka msamaha wa mtu ambaye hanipendi."

Nilimtazama mwanaume yule, ambaye kwa ajili yake nilikuwa nimefua nguo safi msimu mzima, na nikaanza kuona jambo ambalo sikutaka kuliona.

"Ndiyo maana ulikuwa unapita kwetu," nikasema. "Kila Jumapili. Ukichukua ule mkate."

"Nilikuwa napita kukuona wewe."

"Na yeye."

"Na yeye," akakiri. Hajawahi kuwa mwongo mzuri.

"Kama ungenipenda ungelitema."

"Nakupenda."

"Ungelitema!"

"Orosia, ningekaa kwenye kiti chake! Asubuhi, mchana, jioni. Ningeitwa kwa jina lake la nyumba. Ningelala kwenye chumba chake. Mama yako angeniwekea supu miaka thelathini, akimeza machozi kwa sababu ya adabu, na mimi ningeinywa. Unadhani tungepona?"

"Basi nichukue." Niliyashika mabega ya koti lake yaliyombana. "Nichukue sasa hivi. Sitaki nyumba, sitaki jina, sitaki shamba la juu. Vyelezo vinaondoka Jumanne. Nitashuka kwa miguu kwa njia ya nyumbu, nitakukuta Tortosa vyelezo vinakoishia, tutakaa huko pwani mahali ambapo hakuna anayetujua. Nitaosha sakafu za watu. Sema ndiyo. Sema tu ndiyo."

Alifumba macho. Kwa muda mfupi nilidhani nimeshinda, maana mikono yake ilikuja juu ya mikono yangu na kuibana. Kisha akaiondoa mabegani pake, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nimeshamchukulia mama yako mmoja," akasema.

Nilielewa. Afadhali angenipiga kofi. Huyu mtu alikuwa amenigawa. Mama alimpa nini? Kipande cha mkate na neno la uongo. Yeye akampa mimi, mzima, na ukubwa wangu wote na miaka yangu yote, wala hakuniuliza.

"Nani alikuambia mimi ni sadaka yako?" nikamwambia. "Unaniweka mbele ya mama kama mshumaa mbele ya Bikira, ili roho yako itulie. Wewe umepata ulichokitafuta. Umekula, umetubu, utalala. Mimi nitalala wapi, Urbez?"

"Mimi sitalala," akasema.

"Vizuri."

Nilitaka neno hilo limchome, na nadhani lilimchoma. Alisema atakwenda hadi Tortosa na hatarudi tena milimani kwa miguu na wenzake. Atatafuta kazi huko huko bandarini. Alisema nikipata mtu mwema nimkubali. Alisema mambo mengine yote ambayo wanaume huyasema wanapokuwa wameshaamua, na sikusikia hata nusu. Nilikuwa natazama kitufe cha juu cha koti lake, kilichoning'inia kwa uzi mmoja, nikiwaza kwamba shangazi Nunila angekishona kabla ya Jumanne.

"Hutaniaga?" akauliza mwishowe. Kwetu hakuna mtu wa mto anayeondoka bila kuagwa. Ni mkosi mbaya, na hata adui huagwa.

Nilijua vizuri nilichokuwa nakifanya. Nilimgeuzia mgongo, nikapanda njia ya nyumbani, na sikugeuka. Nyuma yangu sikusikia hatua zake. Alikuwa bado amesimama. Nilitembea nikimwomba Mungu aniite, hata mara moja tu, na nilikuwa najua kwamba akiniita nitarudi mbio nimuage na kumbusu mbele ya mji mzima. Hakuniita. Watu wawili tuliopendana vile, na kila mmoja akamwachia mwenzake kazi ya kusema neno moja.

*

Jikoni, baba alikuwa amekaa ameipa mgongo meza pamoja na mama. Kiriba kilikuwa sakafuni karibu na mguu wake. Shangazi Nunila alikuwa ameondoka. Mama alikuwa akiosha vyombo kwenye beseni, mikono yake myekundu hadi viwikoni, na vipande vya sahani iliyovunjika alikuwa ameshavifagia.

"Ameondoka?" akauliza.

"Ameondoka."

"Amesema nini?"

"Amesema hatarudi. Furahi."

"Sina furaha, Orosia. Huoni?"

Niliona. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningempata mwenye furaha katika mambo haya yote, hata mmoja, ningemchukia yeye na kuendelea kuishi. Nilikaa kwenye benchi la meko. Kichwa kilikuwa kikiniuma na macho yalikuwa makavu kabisa.

"Mama," nikasema, "Lorién mto uliwanyima mwili wake. Mimi mwili mtakuwa nao. Nitakuwa hapa hapa kila siku, nitapika, nitalima, nitakuzikeni wote wawili. Hayo mengine yaliyokuwa ndani yangu yamekwenda, wala msieleshe mkate kuyatafuta."

Baba hakugeuka. Mama aliacha kuosha. Alisimama, mikono imo majini, akinitazama mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake, mkavu, mzima, ndani ya kuta zake nne.

"Angalau wewe," akasema, "nitajua ulipo."